Mkate wa kumimina na mwezi usioandama: uchambuzi wa mkesha mmoja wa Idi

Mwezi ukiandama jioni ya tarehe 29 Ramadhani, kesho yake ni Idi. Usipoandama, watu wanafunga siku ya 30. Mpishi wa maandazi au mahamri hababaishwi na jambo hilo, maana unga mkavu unakaa kabatini. Mwenye mkate wa kumimina, ule wa mchele wa kusaga na tui, ndiye mwenye shida: mchele wake lazima urowekwe, tui lake haliwezi kulala nje, na hamira ikishaingia hairudi nyuma. Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea kwa sababu hamira iliingia saa nne kabla ya tangazo la mwezi. Makosa mengine yote yalizaliwa na hilo moja.

Nyumba yenyewe ni ya Tanga mjini. Wageni waliotarajiwa baada ya sala ya Idi walikuwa 30, watoto wakiwamo. Chai ya asubuhi ilipangwa iwe na mikate mitatu ya kumimina, tambi za sukari, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Vifaa: blenda moja ya lita moja na nusu, oveni ya umeme ya mezani inayoingia bati moja tu kwa wakati mmoja, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ya kawaida, na mabati matatu ya keki yenye upana wa sentimita 24. Bati kama hilo, likiwa na rojo la kina cha sentimita 2.5 hivi, linatoa mkate wa sentimita 4 unaokatika vipande 12. Mikate mitatu ni vipande 36. Kwa hiyo hesabu ya chakula haikuwa na kasoro.

Hata uamuzi wa kuoka usiku ulikuwa sahihi. Mkate wa kumimina ukitoka motoni haukatiki. Unashika kisu na kuchanika. Unahitaji saa mbili hivi za kupoa ndipo vitundu vyake vikae sawa. Asubuhi ya Idi, watu wakiwa wanakwenda na kurudi msikitini, hakuna mwenye saa hizo.

Ilivyokwenda

Siku ya 29, saa 10 alasiri, mchele ulikuwa umesharowekwa tangu asubuhi. Ukasagwa wote kwa tui, ukamwagwa kwenye sufuria moja kubwa pamoja na sukari yote, ute wa mayai na hamira, ukafunikwa. Hoja ilikuwa hivi: rojo liumuke kufikia magharibi, mwezi utangazwe, uokaji uanze baada ya futari. Kwenye saa 2 usiku tangazo likaja kwamba mwezi haukuonekana. Sufuria nzima, lita nne za rojo vuguvugu linalotoa povu, ikaingizwa kwenye friji.

Alasiri ya siku ya 30 rojo lilikuwa limetengana. Juu maji ya rangi ya kijivu, chini tope zito la wanga, na harufu kali ya uchachu. Likakorogwa, likaongezwa nusu kijiko cha hamira, likaachwa saa moja. Bati la kwanza lilitoka limeumuka kisha likanywea katikati kabla halijatolewa kwenye oveni. La pili lilikuwa na vitundu juu, ila chini kulikuwa na tabaka la upana wa kidole, zito na lenye kunata kama ugali wa jana. La tatu lilisubiri zamu kwa zaidi ya saa moja, na ili kufidia muda, moto ukapandishwa hadi nyuzi 220. Juu likaungua, ndani likabaki bichi.

Mikate miwili ya kwanza ikafungwa kwenye nailoni ingali na joto, ikawekwa kwenye friji. Asubuhi ilikuwa migumu kama sabuni ya mche. Ikapashwa kwenye maikrowevu, ikalainika kwa dakika chache, halafu ikawa kama mpira mbele ya wageni.

Kwa nini rojo halikuweza kusubiri

Mchele hauna ile nguvu ya kunata na kuvutika iliyomo kwenye unga wa ngano. Donge la mahamri linaweza kuumuka, likakandwa, likaumuka tena, kwa sababu utando wake unashika hewa kama puto. Rojo la mchele linashika hewa kwa uzito wake tu, likisaidiwa na ute wa yai. Povu likifika kileleni, una dakika kama 15 au 20 za kulipeleka motoni. Ukichelewa, vitundu vinaungana, vinapasuka juu, na kilichobaki ni maji na wanga. Kuongeza hamira mara ya pili kunaleta povu jipya, lakini hakurudishi uzito wa rojo.

Friji nayo haikusaidia kama walivyodhani. Lita nne zilizo kwenye sufuria nzito zinachukua saa nyingi kupoa hadi katikati. Kwa muda wote huo hamira iliendelea kufanya kazi, na vijidudu vya uchachu pia. Kulikuwa na ute mbichi wa mayai humo, uliokwisha kukaa saa nne kwenye joto la pwani. Hapo uharibifu wa ladha ni jambo dogo kuliko tumbo la mgeni. Rojo la namna hiyo ni la kumwaga, hata kama inauma kumwaga nazi tano.

Na usiku ule wa siku ya 29, saa 2, kulikuwa na njia mbili nzuri ambazo hakuna aliyezifikiria. Ya kwanza ni kuoka yote palepale, ikapozwa, ikakatwa na kuingizwa friza. Mkate uliokwisha kuiva unasubiri. Rojo lenye hamira halisubiri. Ya pili ni kuoka bati moja la daku, na rojo lililobaki kulimimina vibibi, yaani vichapati laini vya mchele, kwenye kikaango. Daku ya mwisho ya mwezi ingekuwa tamu, na mchele mwingine ungerowekwa kwa ajili ya kesho.

Sukari

Hili linastahili kuzungumzwa peke yake kwa sababu mapishi mengi ya kurithishana yanasema tu “tia sukari” bila kusema lini. Katika mkate mmoja kuna gramu 180 za sukari kwa gramu 500 za mchele. Sukari hiyo ikiyeyuka inaongeza majimaji zaidi ya mililita 100. Rojo lililokuwa zito sawasawa linageuka jepesi, na rojo jepesi halishiki povu. Vilevile wanga unatuama upesi chini. Isitoshe, sukari nyingi inaivuta maji hamira yenyewe na kuichelewesha. Kwa hiyo mwanzoni inaingia kijiko kimoja cha kula tu, cha kuilisha hamira. Iliyobaki inaingia baada ya kuumuka, dakika tano kabla ya kumimina, ikikorogwa taratibu kwa mwiko hadi isisikike tena chini ya bakuli.

Ukiona rojo limekuwa jepesi ghafla baada ya sukari kuingia, usishtuke wala usiongeze unga wa mchele mkavu. Unga mkavu hauna muda wa kunywa maji, utausikia ulimini kama mchanga. Dawa yake ni kupunguza tui mwanzoni, siyo kurekebisha mwishoni.

Tabaka bichi la chini

Wanga mbichi wa mchele hauyeyuki kwenye maji baridi. Unaelea kwa muda, halafu unazama. Ukimimina rojo kwenye bati baridi na kulipeleka kwenye oveni yenye joto la juu zaidi kuliko la chini, linapata dakika kumi au zaidi za kutuama kabla sehemu ya chini haijashika. Hapo ndipo linapozaliwa lile tabaka.

Wazee walilitatua jambo hili kabla ya oveni. Sufuria ilipakwa mafuta ikapashwa kwanza, rojo likamiminwa likilia “chaa”, likaachwa juu ya moto mdogo hadi kingo zianze kushika, ndipo mfuniko ukapaliwa makaa juu. Jina la mkate limetoka kwenye kitendo hicho cha kumimina, na oveni haikuondoa haja yake. Bati lenye samli kijiko kimoja likae juu ya jiko la gesi kwa dakika mbili, moto mdogo. Mimina. Liache hapohapo dakika nne, uone vitundu vikipanda pembeni. Kisha oveni, nyuzi 180.

Kuna msaada wa pili: chota mikono miwili ya rojo lililosagwa kabla halijatiwa hamira, lipike na maji nusu kikombe hadi liwe uji mzito, lipoe kabisa, lirudishe ndani. Uji huo unazuia wanga kuzama. Wengine wanasaga nusu kikombe cha wali uliolala kwenye friji, ni kazi ileile.

Vipimo vilivyosahihishwa

Kwa bati moja la sentimita 24: mchele gramu 500, tui zito mililita 400, sukari gramu 180, hamira ya chenga gramu 5 (kijiko cha chai kisichojaa sana na nusu yake), ute wa mayai mawili, iliki ya kusagwa kijiko kimoja cha chai kasorobo, chumvi ya kubana vidole. Kwa mikate mitatu zidisha mara tatu, lakini usivichanganye kwenye chombo kimoja, sababu inakuja.

Mchele uwe wa punje ndefu na wa zamani kidogo, wa aina ambayo wali wake unaachana. Mchele mpya wenye kunata unatoa mkate wa kutafuna. Tui la mililita 1,200 linapatikana kwa nazi tano za wastani na maji ya uvuguvugu mililita 750, likichujwa kwa kifumbu mara moja tu. Likiwa la kopo, kama wanavyotumia wengi walio Ulaya na Marekani, likoroge kwanza maana krimu hukaa juu; na kama jikoni kuna baridi, weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa yenye taa iliyowashwa. Tui lisizidi joto la mwili. Kidole kikisikia moto, hamira inaelekea kufa.

Blenda isijazwe. Saga kwa mafungu, kila fungu kama dakika tatu, simamisha katikati, kwa kuwa kisu kinapasha rojo. Sugua tone kati ya vidole: lisikike kama losheni. Chengachenga zikisikika, mchele haujaroweka vya kutosha, na hakuna uokaji utakaoziondoa.

Ratiba yenye kituo

Jambo la msingi ni kutafuta mahali ambapo kazi inaweza kusimama siku nzima bila kuharibika. Mahali hapo ni mchele uliorowekwa, ukachujwa, ukawekwa kwenye friji ndani ya chombo chenye mfuniko. Unakaa siku moja na nusu bila tatizo. Kwa hiyo siku ya 29 mchele unarowekwa alfajiri baada ya daku, maji yanabadilishwa mara moja, na saa 5 asubuhi unachujwa na kuingia friji. Nazi zinakunwa, lakini hazikamuliwi. Machicha yasiyokamuliwa yanaingia friza. Hiliki inasagwa, sukari inapimwa kwenye vikombe vitatu, mabati yanapakwa samli. Basi. Hakuna kingine hadi mwezi utangazwe. Sikio liko redioni, mkono uko mbali na hamira.

Tangazo likija kwamba mwezi umeandama, tuseme saa 1 usiku, kusaga kunaanza saa 1:15 na kunaisha saa 1:45. Rojo linagawanywa mabakuli matatu. Hapa ndipo oveni ya bati moja inapoamua mambo: kila mkate unakaa motoni dakika 35 (nne jikoni, 28 kwenye oveni, tatu za moto wa juu wa kupaka rangi), na kila bakuli linaumuka dakika 50 kwenye joto la pwani. Hamira ya bakuli la kwanza inaingia saa 1:45, la pili saa 2:25, la tatu saa 3:05. Mabakuli yanayosubiri yanakaa friji bila hamira, na kila moja linatolewa dakika 10 kabla ya zamu yake. Lililotoka kwenye baridi huenda likataka dakika chache za ziada. Tazama povu, usitazame saa peke yake. Bati la mwisho linatoka karibu na saa 4:30 usiku.

Ute wa mayai unapigwa kidogo kwa uma, usifanywe povu gumu, unaingia pamoja na sukari, mwisho kabisa. Viini sita vinavyobaki visitupwe. Vinafaa mkate wa mayai au kastadi.

Mwezi usipoandama, hakuna kilichoharibika. Mchele uko friji, nazi iko friza. Tena siku ya 30 ni rahisi zaidi: Idi ni kesho bila shaka, kusaga kunaweza kuanza alasiri na mikate ikawa imetoka motoni kabla ya isha. Na katika familia ambazo baadhi wanafuata mwezi ulioonekana nchi nyingine, wakala Idi siku moja kabla ya wenzao, kituo hiki kinaruhusu kutoa gramu 500 za mchele kwa mkate wa hao, mingine ikingoja. (Idi ya kuchinja haina usumbufu huu. Siku yake inajulikana tangu mwezi wa Mfunguo Tatu uandame, siku tisa kabla.)

Kulala hadi asubuhi

Mkate unaachwa kwenye bati dakika 10 hadi 15, kisha unageuzwa juu ya chekeche au wavu, sehemu ya chini ipate hewa. Ukiachwa ndani ya bati, mvuke unageuka maji na kurudi chini, na utadhani haukuiva. Baada ya saa mbili funga kwa kitambaa safi cha pamba, weka kwenye hotipoti au chombo chenye mfuniko usiobana. Usiku mmoja nje, jikoni penye hewa, unatosha. Usivuke jioni ya siku ya Idi, kwa kuwa una tui na maji mengi.

Friji ndiyo adui. Wanga wa mchele ulioiva unaanza kujikaza tena ukipoa, na kasi yake ni kubwa zaidi kwenye baridi ya friji kuliko kwenye joto la chumba. Ni sababu ileile inayofanya wali wa kiporo uwe mgumu. Friza haina madhara hayo kwa kiasi hicho, kwa sababu ugandaji unasimamisha kila kitu. Mikate ya dharura ikatwe, kila kipande kifungwe peke yake, igandishwe usiku uleule.

Kupasha: vipande vipangwe kwenye chungio juu ya maji yanayochemka, kitambaa kikiwa chini ya mfuniko ili matone yasidondoke, dakika nne au tano. Vilivyoganda dakika nane hadi kumi. Mvuke unaulegeza wanga na kuuacha laini kwa muda wa kutosha watu kunywa chai. Maikrowevu inafukuza maji yaliyomo, ndiyo maana kipande kikipoa tena kinakuwa mpira.

Mara ya pili

Mwaka uliofuata nyumba ileile ilifuata ratiba yenye kituo. Mwezi uliandama, ila tangazo lilichelewa hadi karibu na saa 3 usiku, na ratiba yote ikasogea mbele. Waliamua kutooka mikate mitatu: mchele wa bakuli la tatu ulibaki friji, na pengo likajazwa na vipande 12 vilivyokuwa friza tangu kumi la mwisho kuanza. Mikate miwili ilitoka kabla ya saa 6 usiku, yenye vitundu hadi chini. Wa pili ulikuwa na rangi hafifu juu kwa sababu umeme ulishuka nguvu dakika za mwisho. Walioulizwa walisema ndio uliokuwa laini zaidi. Mchele uliobaki ukasagwa alasiri ya Idi, ukawa vibibi vya wageni wa jioni.